Una Kazi na Biashara ya Kando? Jipange Kabla Barua ya KRA Haijakufikia

Mwaka 2018 nilikuwa nimeajiriwa, na jioni nauza viatu vya mitumba. Jumamosi alfajiri nilikuwa nashuka Gikomba, nachagua jozi ishirini hivi, nazipiga picha sebuleni, na kufikia Jumatano zimeisha. Pesa zote zilikuwa zinaingia kwa laini yangu ileile ya kupokea salamu za mama na michango ya harusi. Siku moja nikaona ni vizuri nifanye mambo kisheria. Nikaingia saiba moja mtaani, nikamwambia kijana wa pale, "Nisajilie biashara, halafu uniwekee hiyo kodi kwa PIN yangu." Akabofya-bofya, nikamlipa mia tano, nikatoka nikijiona raia mwema.

Kumbe alikuwa amenibofyia VAT.

Nilikuja kujua miezi minane baadaye, nilipokuwa natafuta cheti cha kutodaiwa kodi ili niombe kazi nyingine. Mfumo ukanionyesha deni la shilingi 80,000. Si kodi, ni adhabu tupu: shilingi 10,000 kwa kila mwezi ambao sikuwa nimewasilisha ritani ya VAT ya biashara ambayo, kwa hesabu yoyote, haikupaswa kuwa kwenye VAT hata kidogo. Viatu vyenyewe havikuwahi kuniletea faida ya 80,000. Niliandika barua, nikaenda kituo cha huduma mara nne, nikajaza ritani zote nane za sufuri, na mwishowe nikasamehewa sehemu kubwa. Lakini usijipe moyo na hiyo hadithi yangu. Sheria za msamaha wa adhabu zimebadilika mara kadhaa tangu wakati huo, na leo huenda usipate mlango niliopitia mimi.

Kwa hivyo tuongee mapema. Haya ni mambo ya msingi kwa mtu mwenye payslip na hasla yake pembeni: keki, bodaboda, saluni, mayai, nguo za mtandaoni, chochote. Viwango nilivyoandika hapa ni vya sheria ilivyo sasa. Kila mwaka kuna Mswada wa Fedha, na unajua mambo ya Juni nchini Kenya, basi hakikisha tena kabla hujafanya uamuzi mkubwa.

Anza na mkataba wako wa kazi

Watu wengi huanza na nembo na jina la biashara. Anza na ile karatasi uliyotia sahihi siku ya kwanza kazini. Itafute, isome. Mikataba mingi ina kipengele kinachosema usifanye kazi nyingine yenye malipo bila idhini ya mwajiri, au usifanye biashara inayoshindana na kampuni. Kama kipengele hicho kipo, omba ruhusa kwa maandishi na uhifadhi jibu. Kama hakipo, bado kuna mipaka. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inataja kutokuwepo kazini bila ruhusa na kupuuza kazi kama sababu za mtu kufutwa papo hapo. Ukishinda ukijibu wateja wa keki wakati bosi anakulipa, tatizo lako si biashara, ni saa.

Usitumie laptopu ya ofisi, gari la ofisi wala orodha ya wateja wa ofisi. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia, na hapo ndipo mfanyakazi hushindwa.

Walio serikalini wana sheria zaidi. Katiba, kifungu cha 77, inamzuia ofisa wa dola aliyeajiriwa muda wote kufanya kazi nyingine ya kujipatia mapato. Hao ni kina wabunge, majaji, mawaziri na kadhalika. Mtumishi wa kawaida wa umma hayumo kwenye kundi hilo, lakini anatakiwa kutangaza mapato na mali yake, na kukaa mbali na biashara yenye mgongano wa maslahi. Karani wa idara ya ununuzi anayeiuzia idara hiyohiyo karatasi anajitafutia makubwa.

Swali ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini: je, KRA itamwambia bosi wangu? Hapana. Mwajiri wako haoni ritani yako, na maofisa wa kodi wanabanwa na sheria kutunza siri za mlipa kodi. Lakini jina la biashara ukilisajili huwa kumbukumbu ya umma. Mtu yeyote anaweza kulipia utafutaji na akapata mmiliki ni nani. Kwa hivyo mpango wa kumficha bosi si mpango.

Jina, leseni, PIN

Kama unauza kwa jina lako halisi, sheria haikulazimishi kusajili jina la biashara. Ukitaka kuitwa "Tamu Tamu Bakers", sajili. Inafanyika mtandaoni kupitia eCitizen, chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, yaani BRS. Andaa kitambulisho, PIN, picha, anwani, na majina mawili au matatu ya akiba kwa sababu ulilolipenda mara nyingi lishachukuliwa. Gharama ni kama shilingi elfu moja, na unalipa kwa simu kupitia Paybill ya serikali, 222222. Mtu akikuitisha elfu tano "kwa sababu anajua watu", mwambie hata wewe unajua watu.

Jua kwamba kusajili jina hakukupi kampuni. Biashara ya jina ni wewe mwenyewe. Madeni yake ni yako, na inatumia PIN yako ileile ya kazini. Kampuni ya dhima yenye mipaka ni kitu tofauti, ina PIN yake na ritani zake, hata mwaka ambao haijauza kitu. Kwa mtu anayeuza keki kumi kwa wiki, kampuni ni mzigo bure. Ngoja ikue.

Halafu leseni ya kaunti. Ukiwa na kibanda, duka, jikoni la kupikia watu au stoo, unahitaji kibali cha biashara cha kaunti yako. Ada hutegemea kaunti, aina ya biashara na ukubwa wa mahali. Usimwige rafiki wa Kiambu kama wewe uko Mombasa. Ukishughulika na chakula, ongeza cheti cha afya cha wanaoshika chakula. Askari wa kaunti hawana haja ya kujua kwamba una payslip.

Sasa kodi yenyewe

Mshahara wako tayari umekatwa PAYE. Watu hudhani hapo kodi imeisha. Kosa lingine kubwa zaidi ni mtu aliyeajiriwa kuwasilisha ritani ya sufuri kila Juni, eti kwa sababu ni rahisi. Sufuri ni ya asiyekuwa na mapato yoyote. Wewe una P9 kutoka kwa mwajiri, na sasa una biashara. Vyote vinaingia kwenye ritani moja, na siku ya mwisho ni 30 Juni. Ukichelewa, adhabu kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi.

Jinsi biashara inavyotozwa hutegemea mauzo ya mwaka mzima. Si faida, mauzo. Nitalirudia hili kwa sababu ndilo linalochanganya watu.

Tuseme unalipwa mshahara wa 60,000 kwa mwezi na unauza keki. Mauzo ni 70,000 kwa mwezi, yaani 840,000 kwa mwaka. Unga, mayai, siagi, gesi, maboksi na bodaboda vinakula 45,000 kila mwezi. Unabaki na faida ya 25,000, sawa na 300,000 kwa mwaka. Hujafika milioni moja, kwa hivyo ile kodi ya mauzo inayoitwa TOT haikugusi. Wengi wakisikia hivyo wanashangilia kwamba hawadaiwi kitu. La. Faida ya 300,000 inaongezwa juu ya mshahara wako. Na kwa kuwa mshahara ushajaza zile ngazi za chini, za asilimia 10 na asilimia 25, ambazo huishia kwenye 32,333 kwa mwezi, faida yote inaangukia kwenye asilimia 30. Kodi: 90,000.

Najua inauma. Soma tena taratibu ukiwa umekaa.

Nafuu ya kibinafsi ya 2,400 kwa mwezi? Ishatumika kwenye payslip. Huipati mara mbili.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mtu hukuambia hadi umechelewa: mapato yasiyo ya mshahara yakikuletea kodi inayozidi 40,000 kwa mwaka, unatakiwa kulipa kidogokidogo mwaka ukiendelea, si kungoja mwisho. Hiyo ni kodi ya awamu, na tarehe zake ni 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba. Kwa mfano wetu ni 22,500 kila awamu. Salio lolote hulipwa kufikia 30 Aprili ya mwaka unaofuata. Ndiyo, Aprili, ingawa ritani yenyewe ni Juni. Njia niliyoizoea mimi ni kutoa 30 kwa kila 100 ya faida mwisho wa mwezi na kuificha kwenye akaunti ya akiba. Kwa keki zetu hiyo ni 7,500 kwa mwezi. Si pesa zako, ni za kupitia tu.

Sasa biashara ikue. Mauzo yafike 100,000 kwa mwezi, yaani milioni 1.2 kwa mwaka. Umeingia TOT, inayowahusu wenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25. Tangu Julai 2023 kiwango ni asilimia 3 ya mauzo ghafi. Unalipa 3,000 kwa mwezi, 36,000 kwa mwaka, na imeisha. Ni kodi ya mwisho. Faida hiyo haiongezwi tena kwenye mshahara. Linganisha: kwa njia ya kawaida, faida ya biashara ya ukubwa huo ingetozwa zaidi ya 120,000. Aliyeuza keki chache amelipa 90,000, na aliyeuza nyingi amelipa 36,000. Mimi sikuitunga sheria, nakuonyesha tu hesabu.

Lakini TOT si tamu kwa kila mtu. Mwenye kuuza kitu chenye faida nyembamba, mathalani anayesambaza mitungi ya gesi, anaweza kuuza 150,000 kwa mwezi na abaki na 4,000. Asilimia 3 ya 150,000 ni 4,500. Yaani kodi imemeza faida yote na kung'ata mtaji. Mtu kama huyo anaruhusiwa kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba anataka kutoka kwenye TOT na atozwe kwa faida, ambapo asilimia 30 ya 4,000 ni 1,200. Kwa hivyo kabla hujabofya chochote, chukua kalamu. Faida yako ikiwa chini ya shilingi 10 kwa kila 100 unayouza, na uko kwenye ngazi ya asilimia 30, TOT inakuumiza. Ikiwa juu ya 10, inakusaidia.

TOT huwasilishwa na kulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukichelewesha ritani ni 1,000 kwa mwezi, na ukichelewesha malipo ni asilimia 5 ya kodi pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Wengine TOT haiwahusu kabisa. Ukifundisha watu, ukifanya ushauri, uhasibu au kazi nyingine ya kitaaluma, mapato hayo yanaenda njia ya kawaida. Mteja wako akiwa kampuni na malipo yakifika 24,000, atakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kabla hajakutumia. Dai cheti chake, kwa sababu hizo pesa zinahesabiwa kama ulishalipa ukifanya ritani. Na kama hasla yako ni nyumba ya kupangisha ya kuishi watu, kodi yake ni asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba unayokusanya, kwa wanaopata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, nayo pia kila mwezi kufikia tarehe 20.

VAT? Mauzo ya milioni 5 kwa mwaka ya bidhaa zinazotozwa. Kabla ya hapo hakuna anayekulazimisha. Ukiwa saiba, simama nyuma ya kijana, tazama skrini, na uulize kila kisanduku kabla hakijawekwa alama. Ukimaliza, chapisha cheti chako cha PIN usome chini kabisa kwenye orodha ya aina za kodi ulizosajiliwa. Ni dakika mbili. Zingeniokoa 80,000.

Simu yako inasema nini kukuhusu

Hapa sasa tunaingia uwanja wetu. Kila siku wateja hutuomba taarifa ya miamala ya mwaka mzima, na wengi hustuka wakiiona. Unajijua kama mtu wa mshahara wa 60,000, kumbe kwa laini yako kumepita milioni mbili. Ndani yake kuna keki, kuna mkopo wa shemeji, kuna pesa za chama ulizoshika kama mweka hazina, kuna 50,000 uliyojitumia kutoka benki ukairudisha.

Kwa nini ujali? Kwa sababu KRA ikiona ritani yako hailingani na maisha yako, inaweza kukadiria mapato kutokana na pesa zilizoingia kwenye akaunti zako. Mkopo si mapato. Michango ya chama si mapato. Zawadi ya kaka yako si mapato. Lakini chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi, mzigo wa kuthibitisha uko kwa mlipa kodi. Ofisa hahitaji kuonyesha kwamba ile 30,000 ya Machi ni ya keki. Wewe ndiye unatakiwa kuonyesha kwamba haikuwa. Na anaweza kurudi nyuma miaka mitano, muda uleule unaotakiwa kutunza rekodi. Je, unakumbuka nani alikutumia 30,000 Machi miaka mitatu iliyopita?

Basi tenganisha. Kuwa na nambari ya till ya biashara peke yake, mteja alipe hapo tu. Akikutumia kwa laini ya kibinafsi "kwa sababu ni haraka", hamisha na uandike. Jilipe wewe mwenyewe mara moja kwa wiki kutoka till kwenda kwa laini yako, kiasi kimoja, siku moja. Shughuli za chama ziwe kwa laini au akaunti ya chama. Mwisho wa kila mwezi pakua taarifa ya miamala na uihifadhi kwenye barua pepe, usingoje kuitafuta wakati barua ishafika. Daftari la mia moja linatosha kwa mauzo ya taslimu: tarehe, bidhaa, pesa.

Manunuzi nayo yana mambo yake. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi kupunguzwa kwenye hesabu ya faida. Ule mfano wa keki nilioutoa unadhani kwamba 45,000 zote za unga na mayai zina ankara. Zikikosa, KRA inaweza kukutoza kwa 70,000 na si kwa 25,000. Mpe mwenye duka PIN yako unaponunua. Ukinunua mayai kwa mkulima mdogo asiye na mashine wala simu ya maana, sheria sasa inakuruhusu wewe mnunuzi utoe ankara kwa niaba yake, ikiwa mauzo yake hayazidi milioni 5. Na wewe pia unatakiwa kutoa ankara za eTIMS kwa wateja wako, hata kama huko VAT. Kwa mdogo kabisa kuna njia ya simu ya kawaida, *222#, bila kununua mashine.

Hasara haipunguzi PAYE. Kuna watu wameambiwa kwamba biashara ikipoteza watarudishiwa kodi ya mshahara. Hapana. Hasara ya biashara inangoja faida ya biashara hiyohiyo.

Ukimwajiri mtu

Siku ile unamlipa msichana wa kukusaidia kuoka, wewe umekuwa mwajiri. Kuna NSSF, kuna SHIF ya asilimia 2.75 ya mshahara wake, kuna ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwako, na kuna PAYE ikiwa mshahara wake unafika huko. Makato haya hutumwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mwenye kazi ya kuajiriwa husahau hili kwa sababu amezoea kukatwa, si kukata.

Biashara ikifa

Yangu ilikufa 2020, na hasla nyingi hufa, si aibu. Lakini aina ya kodi uliyosajili kwa PIN haifi yenyewe. Ukiacha TOT wazi bila kuwasilisha, ni 1,000 kila mwezi, 12,000 kwa mwaka, kwa biashara ambayo hata kibao chake ulishauza. Wasilisha ritani za sufuri za miezi iliyobaki, kisha omba kupitia iTax uondolewe kwenye aina hiyo ya kodi. Ijulishe BRS kwamba jina limeacha kutumika, na kaunti kwamba hutafufua leseni. Funga till. Subiri jibu la KRA kwa maandishi, na hadi ulione, endelea kuwasilisha sufuri kila tarehe 20.